Uamuzi umeahirishwa: maswali ya wasomaji kuhusu odisheni za vyuo vya sanaa

Barua nyingi za mwezi huu, kutoka Amu (Lamu) hadi Malindi, zinauliza jambo moja: kijana amefanya odisheni ya chuo cha ng'ambo, na jawabu lililokuja si ndiyo wala si la. Tumezijibu zile zinazogusa mambo ambayo wengine pia wanayauliza.

Nilifanya odisheni ya uigizaji kwa video, kwa chuo kikuu kimoja cha Marekani. Katikati ya Desemba niliandikiwa kwamba uamuzi wangu umeahirishwa hadi mwisho wa Machi. Mjomba anasema hiyo ni "la" ya watu wenye adabu. Je, ni kweli? – Binti wa Mkomani, Lamu

Si kweli, binti yetu. Chuo kinachotaka kukataa hukataa. Barua ya kukataa wanayo tayari na kuituma ni kazi ya dakika moja. Kukuahirisha ni kujiongezea kazi, maana faili yako itasomwa mara ya pili. Ila pia usiichukue kama nusu ya ndiyo. Umetolewa kwenye fungu dogo la walioomba mapema ukawekwa kwenye fungu kubwa la wote, na huko ushindani ni mkali zaidi.

Watu huchanganya hali tatu. Kuahirishwa ni huko kwako: chuo hakijaamua. Orodha ya kusubiri huja baadaye, darasa likishajaa: wewe ni wa akiba, utaitwa aliyechaguliwa asipokwenda. Ya tatu ni kinyume kabisa: umeshakubaliwa, na wewe ndiye unayeomba kujiunga mwaka unaofuata. Kwa Kiingereza hali ya kwanza na ya tatu hutumia neno moja, "defer", ndiyo maana waombaji husoma maelekezo yasiyowahusu na kujaza fomu isiyo yao.

Kwa nini wakuahirishe? Vyuo vikuu vyenye duru ya mapema aghalabu hufunga maombi 1 Novemba na kujibu kati ya katikati ya Desemba na mwisho wa Januari. Lakini odisheni nyingi za ana kwa ana, zikiwemo zile za pamoja zinazokusanya vyuo kadhaa New York, Chicago na Los Angeles, hufanyika Januari na Februari. Jopo halijawaona watu wote. Darasa lenyewe ni dogo, mara nyingi watu 12 hadi 20, na hupangwa kama kundi la mchezo wa kuigiza: watatakiwa wa sauti nzito na wa sauti nyembamba, wa kuchekesha na wa kuliza, anayeonekana mtu mzima na anayeonekana mtoto. Mkiwa watano mnaofanana kwa sauti na sura ya umri, jopo litangoja limwone wa sita kabla ya kuchagua. Hapo kipaji chako hakijatiwa ila yoyote.

Sababu nyingine haihusu jukwaa hata kidogo. Vyuo vikuu vingi humpitisha mwombaji milango miwili, idara ya sanaa na ofisi ya udahili. Idara yaweza kuwa imeshakutaka, udahili ukawa bado unangoja alama. Shule maalumu za sanaa zenye duru moja tu, kama Juilliard ambayo hufunga maombi 1 Desemba, hazina ahirisho la namna hii.

Kwa hiyo isome barua yako upya, kalamu mkononi. Ni mlango upi uliokuzuia, wa sanaa au wa masomo? Unatakiwa kuthibitisha kwamba bado umo? Nyongeza zinapokelewa, na za aina gani? Jawabu la mwisho ni lini? Hilo la kuthibitisha ndilo linaloponza wengi. Vyuo vingine humwondoa asiyethibitisha, wala hawamkumbushi. Na fomu yenyewe mara nyingi haimo kwenye baruapepe; imo ndani ya akaunti yako ya mwombaji, chini kabisa ya ukurasa. Ingia uitafute. Pekua pia folda ya barua taka.

Kama nyongeza zinaruhusiwa, andika barua ya kueleza kwamba bado unakitaka chuo. Moja tu, maneno 250 hadi 350, ndani ya wiki mbili hadi nne tangu ulipopata jawabu. Anza na jina, namba ya mwombaji na programu uliyoomba. Kama ndicho chaguo lako la kwanza, sema hivyo waziwazi. Kama sicho, usiseme. Kisha taja mambo mapya mawili au matatu, yaliyotokea baada ya kutuma maombi. Hapa ndipo barua nyingi huharibika. "Nimeendelea kukuza kipaji changu" ni maneno matupu. Linganisha na hili: "Tangu Novemba nimeigiza mama mkwe katika mchezo wa dakika 40, maonyesho matatu, na kila Jumamosi najifunza kughani tenzi kwa bibi mmoja wa mtaa wetu." Humo mna nafasi uliyoigiza, muda, idadi, na kazi ambayo jopo haliipati kwa mwombaji mwingine. Lakini hawajui utenzi ni nini. Ongeza nusu sentensi: ushairi mrefu wa mizani nane kila mshororo, unaoghaniwa kwa mahadhi.

Malizia kwa sababu moja mahususi ya kukitaka chuo hicho, kama namna wanavyofundisha sauti mwaka wa kwanza, kisha shukrani ya mstari mmoja. Usiulize kwa nini hawakukuchukua, usijilinganishe na mwenzako aliyechukuliwa, usiombe kuhurumiwa. Ipakie kwenye akaunti yako; kama hakuna pa kuipakia, itume kwa ofisi ya udahili. Walimu wa jopo usiwaandikie mmoja mmoja.

Mwanangu ameahirishwa na chuo cha muziki. Nataka kupiga simu nizungumze nao kama mzazi. Na mambo ya pesa, tungoje mpaka wamkubali? – Mzee wa Maweni, Malindi

Mzee wetu, simu mwachie yeye. Huko mwombaji huhesabiwa mtu mzima, na ofisi ikipigiwa na mzazi hujiuliza kama mtoto ndiye anayekitaka chuo au ni baba yake. Kuna swali moja tu linalofaa kuulizwa, nalo aliulize mwenyewe kwa baruapepe ya mistari mitatu: "Je, kuna karatasi yoyote inayokosekana kwenye faili yangu?"

Pesa usingoje. Tarehe za maombi ya msaada wa fedha hazisogei eti kwa kuwa uamuzi umesogea. Chuo kikitaka fomu ya msaada wa fedha iitwayo CSS Profile, ijazeni sasa: ni dola 25 kwa chuo cha kwanza na dola 16 kwa kila cha ziada. Wekeni tayari taarifa za benki na barua ya mwajiri au ya biashara. Pasipoti nayo iombwe mapema kupitia eCitizen. Akikubaliwa Aprili, chuo hutaka kwanza ushahidi wa fedha ndipo kitoe fomu ya I-20, ile ya kuombea viza ya mwanafunzi. Baada yake kuna ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wageni, dola 350, ada ya viza dola 185, na safari ya Nairobi kwa mahojiano ubalozini. Familia inayoanza kuzitafuta karatasi mwezi wa Mei hujikuta Agosti bado haina miadi.

Vyuo vingi vya Marekani hutaka jibu na malipo ya kushika nafasi kufikia 1 Mei. Lipieni chuo kimoja. Kulipia viwili ili mwende mkiwaza ni kuvunja ahadi mliyotia saini, na vikijua vyote viwili vinaweza kumfuta.

Chuo kinamtaka mwanafunzi wangu alete "ripoti ya katikati ya mwaka". Alimaliza kidato cha nne Novemba. Nijaze nini? – Mwalimu wa sekondari, Malindi

Mwalimu, fomu hiyo imetungwa kwa shule zinazoanza Septemba na kumaliza Juni. Usiiache wazi, maana pengo hilo peke yake laweza kuwa sababu ya faili kusimama. Andika ukurasa mmoja kwenye karatasi yenye nembo ya shule: mwaka wetu wa masomo huanza Januari, mtihani wa KCSE hufanywa mwishoni mwa mwaka, alama ni A hadi E kwa ngazi 12, na C+ ndiyo kiwango cha chini cha kuingia shahada moja kwa moja. Msomaji wa ng'ambo asipoambiwa hayo atadhani B ya KCSE ni kitu chepesi. Tia sahihi na muhuri, ambatanisha hati ya matokeo, uipakie pale pale pa ripoti. Chuo kikidai uthibitisho kutoka baraza la mitihani, mwanafunzi auombe KNEC kupitia mfumo wake wa mtandaoni, QMIS; alama zake haziwezi kuthibitishwa na shule peke yake.

Barua yangu ya kuahirishwa inasema naweza kutuma wimbo mmoja mpya na video moja ya hiari. Ya kwanza walisema sauti "ina chumba". Nyumba yetu ni ya mawe. Nirekodi vipi? – Kijana wa Langoni, Lamu

Kijana wetu, walichomaanisha ni mwangwi, na nyumba za mawe za Amu zinao kwa sababu ya umbo lake. Upana wa chumba umefungwa na urefu wa boriti, kwa hiyo vyumba ni vyembamba na virefu, kuta mbili za lipu ngumu zikitazamana. Sauti hugonga huku na kule mara nyingi kabla ya kufa. Simama katikati upige kofi moja kali. Ukisikia mlio kama wa sarafu inayozungukazunguka mezani kabla haijalala, ndicho wanachokisikia kwenye wimbo wako.

Dawa ni vitu vizito na vya kunyonya sauti. Simamisha godoro moja nyuma ya simu na jingine kwenye ukuta wa ubavuni kwako. Tandika mkeka, na juu yake blanketi. Shuka na leso hazisaidii, ni nyepesi. Kofi lipigwe tena baada ya kila badiliko; mlio ukishakuwa mkavu, acha. Chumba cha kulala chenye vitanda na kabati la nguo lililofunguliwa milango hufanya nusu ya kazi hiyo bila gharama. Baraza na daka la mlangoni visikutamanishe kwa uzuri wake. Punda, mikokoteni na salamu za wapitao vyote vitaingia.

Umbali wa simu una mvutano wake, na inafaa uuelewe. Simu hupandisha na kushusha sauti yenyewe: ukiimba kwa nguvu karibu nayo, noti ya kwanza kubwa hupasuka, halafu simu inajishusha na maneno ya taratibu yanayofuata yanazama. Ukiiweka mbali, kupasuka kunakwisha lakini mwangwi unarudi. Ndiyo maana chumba hutengenezwa kwanza, kisha simu inawekwa mita 2 hadi 2.5. Ukiwa na maikrofoni ndogo ya waya ya kubana shatini, ibane katikati ya kifua, si kolani. Spika ya muziki wa kusindikiza ikae upande wa kamera, chini, na isishinde sauti yako. Rekodi sekunde 20 za sehemu iliyo kubwa kuliko zote, sikiliza kwa vipokea sauti, ndipo uanze.

Simu ilazwe kwa upana, lenzi iwe usawa wa macho, juu ya stendi au rundo la vitabu lililofungwa kamba. Dirisha liwe nyuma ya simu, godoro lisilizibe, likumulike usoni. Nyuma yako ukuta mtupu. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ni fahari ya nyumba, lakini jicho la mtazamaji litazihesabu badala ya kukutazama wewe. Kuhusu wakati, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi kuna mwanga mzuri na adhana ya adhuhuri bado iko mbali. Msimu huu kaskazi inavuma, kwa hiyo funga dirisha la upande wa pwani. Upepo kwenye maikrofoni hauondoki baadaye.

Wimbo usiwe wa tabia ile ile ya kwanza. Waliona huzuni, waonyeshe ucheshi au hasira. Imba sekunde 60 hadi 90, au kadiri walivyoandika, bila kukata na kuunga. Kwa video ya hiari, kirumbizi, ile ngoma ya fimbo, kinafaa kikamilifu: sekunde 60, mwili mzima ukionekana hadi nyayo na fimbo isitoke kwenye fremu ikiinuliwa. Mpate mwenzako wa kucheza naye. Fimbo ya mtu mmoja haionyeshi kinga wala kuviziana, na hapo ndipo kwenye uigizaji wake.

Faili: video ya sekunde 90 kwa ubora wa 1080p yaweza kufika MB 200. Mtandao unaopandisha Mbps 2 utaimaliza kwa dakika 13 au 14. Mbps 1, karibu nusu saa. Chagua aina ya MP4. Na tafadhali usiipeleke kwenye saiba kwa WhatsApp kama video ya kawaida, maana itabanwa na uso wako utakuwa ukungu. Itume kama hati, au ibebe kwa waya au kadi. Ukishaipakia, ifungue kwenye tovuti ya chuo uitazame mpaka mwisho.

Hilo lote ni kwa sababu wewe umeruhusiwa. Asiyeruhusiwa asitume video. Haitatazamwa, na itaonyesha kwamba hakusoma maelekezo.

Binti yangu ameitwa odisheni ya pili ya kuimba, ya moja kwa moja kwa video, ndani ya Ramadhani. Atafunga na aimbe? – Mama wa Shela, Malindi

Mama, aweza, mradi saa ipangwe vizuri. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, msimu wa miito ya pili, na tatizo kubwa ni saa wanayompangia. Saa nne asubuhi ya New York mwezi wa Februari ni saa kumi na mbili jioni hapa, dakika 40 hivi tu kabla ya magharibi, wakati koo ni kavu kuliko wakati wowote wa siku. Aandike mapema aombe saa nane mchana ya New York, ambayo hapa ni saa nne usiku, tarawehe ikiwa imekwisha. Aeleze kwa sentensi moja kwamba yuko Afrika Mashariki na amefunga. Vyuo vingi hupanga waombaji wa ng'ambo kwa namna hiyo, na ombi kama hilo halimpunguzii alama.

Maji ayagawe tangu magharibi hadi daku, glasi baada ya glasi. Kunywa lita nzima dakika kumi kabla ya kuimba hakusaidii, kwa sababu nyuzi za sauti hupata unyevu kupitia mwili na si kwa kumwagiwa. Siku ile afuturu kwa tende, uji na kitu chepesi. Viazi vya kukaanga, bajia na pilipili vibaki kwa kesho yake. Tumbo lililojaa hurudisha asidi kooni, na sauti hukwaruza bila mtu kujua sababu. Kati ya chakula na wimbo yapite masaa mawili. Kupasha sauti dakika 15: kuvumisha mdomo umefungwa, kisha kupuliza mrija ndani ya nusu glasi ya maji kwa sauti inayopanda na kushuka, kisha ndipo maneno. Mazoezi ya mchana akiwa amefunga yawe ya maneno na mwendo peke yake.

Nikikataliwa Machi, mwaka umepotea? Wengine wananiambia niache vyuo vingine nikazanie hiki kimoja. – Mwombaji wa Barani, Malindi

Usiache mbachao kwa msala upitao. Maliza maombi yako mengine yote kama vile hicho kilichokuahirisha hakipo. Kama pia umeomba Uingereza kupitia UCAS Conservatoires, mfumo wa maombi ya vyuo vya muziki na sanaa, fahamu kwamba huko mfumo una "nafasi ya akiba": si kukubaliwa wala kukataliwa, na haikupi haki ya kuingia mpaka igeuzwe kuwa nafasi kamili.

Karibu na nyumbani kuna milango ya kweli. Chuo Kikuu cha Kenyatta kinafundisha muziki na dansi, pia sanaa za maonyesho na filamu. Kenya Conservatoire of Music, Nairobi, iliyoanzishwa 1944, hukuza wapiga ala na waimbaji. Zanzibar, Dhow Countries Music Academy imekuwa ikifundisha taarabu, udi, kanuni na fidla tangu 2002, na kwa kijana wa pwani yetu hakuna mahali pa karibu zaidi kwa roho ya muziki wake. TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza 1981 kama chuo cha sanaa, ina ngoma, maigizo na muziki chini ya paa moja. Mwaka mmoja katika mojawapo ya hivyo si mwaka uliopotea: utaomba tena ukiwa na maonyesho, walimu wa kukuandikia barua, na sauti iliyokomaa. Waulize tu kabla kama chuo cha Marekani kitakuhesabu mwanafunzi mpya au wa kuhamia, maana fomu na tarehe hutofautiana.

Tarehe ya mwisho wameandika 11:59 usiku, saa za huko. Kwetu ni saa ngapi? – Msomaji wa Matondoni, Lamu

Inategemea mji na mwezi. Wakati wa baridi yao, dakika hiyo ya New York ni saa mbili kasoro dakika moja asubuhi ya siku inayofuata hapa. Ya Chicago, saa tatu kasoro dakika moja. Ya Los Angeles, saa tano kasoro dakika moja. Jumapili ya pili ya Machi wao husogeza saa mbele na sisi hatusogezi, kwa hivyo kila moja ya hizo inarudi nyuma saa nzima: ya New York inakuwa saa moja kasoro dakika moja. Wanaochelewa zaidi ni wa wiki hiyo ya Machi, kwa kuwa wameshazoea hesabu ya Februari. Iandike saa ya hapa kwenye kalenda ya ukutani, kisha utume jioni ya kuamkia siku hiyo, umeme ukiwapo.